Kengele ya Shule na Mwili wa Mzazi



Kesho asubuhi kengele ya shule italia. Haitamngoja mtu. Kama una mtoto wa darasa la awali au wa darasa la kwanza, kengele hiyo si yake peke yake. Ni yako pia. Mtoto wa miaka 5 hajui saa. Hajui kwamba sare ilichafuka jana na maji yamekwisha. Yeye huamka, husugua macho na kuuliza chakula. Mambo mengine yote ni ya mzazi.

Hebu tuitazame asubuhi ya mama mmoja kijijini. Huamka saa 11 alfajiri. Hukoka moto. Huchungulia ndoo kuona kama maji yamebaki. Hupika uji. Hufagia uwanja. Humwamsha mtoto, humwogesha na kumvika. Kiatu kimoja hakionekani. Kinatafutwa uvunguni mwa kitanda. Daftari nalo limepatikana jikoni, limefunikia chungu. Mwisho mtoto anatoka mbio, na mama anabaki mlangoni. Hajanywa hata chai. Kazi zake za siku ndiyo kwanza zinaanza.

Mtu kama huyu ukimwambia, "Mama, fanya mazoezi ya mwili," atakucheka. Atasema mazoezi ni ya watu wa mjini na ya wachezaji mpira. Tena atakuuliza, mazoezi hayo atayafanya saa ngapi?

Swali lake ni la haki. Somo hili linajaribu kulijibu. Mzazi atautunzaje mwili wake, na wakati huohuo mtoto wake mdogo afike shule mapema, ameshiba na hana usingizi? Watu wengi hudhani mambo haya mawili yanagombania saa moja. Mimi naona yanaweza kwenda njia moja. Njia yenyewe ni ile ya kwenda shule.

MARADHI YALIYOONGEZEKA

Mwaka 1973 hapa Tanzania kulikuwa na kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee katika madarasa yetu wanaikumbuka vizuri. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Walisoma kitabu pamoja. Kisha walichukua majembe wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba na kusafisha visima. Watu kama milioni 2 walishiriki. Maadui waliotajwa wakati ule walikuwa malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu.

Maadui hao hawajaondoka wote. Malaria ingali nasi. Lakini sasa wamekuja wengine ambao zamani tuliwasikia kwa nadra kijijini. Mmoja ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha. Mwingine ni kisukari. Maradhi haya hayaletwi na mbu wala maji machafu. Yana sababu nyingi. Baadhi ni umri na ukoo. Nyingine ni chumvi nyingi, pombe, sigara, unene na kukaa bila kuushughulisha mwili.

Ili tuelewe presha, tuanze na moyo. Moyo ni msuli wenye ukubwa kama wa ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu izunguke mwilini. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Tuseme wako hupiga mara 70. Chukua kalamu ufanye hesabu. Kwa saa moja ni 70 mara 60, yaani 4,200. Kwa siku moja ni 4,200 mara 24, yaani 100,800. Ni msuli gani mwingine unaofanya kazi kiasi hicho bila kulala?

Damu inaposukumwa, huisukuma pia mishipa kwa ndani. Msukumo huo ukizidi siku nyingi, mishipa huumia. Katika ubongo mshipa unaweza kuziba au kupasuka. Hapo mtu hupata kiharusi. Upande mmoja wa mwili hupooza, mdomo huenda upande, na maneno hayatoki sawasawa.

Jambo baya la presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Mtu hulima, hucheka na kula vizuri, kumbe mishipa inaumia. Njia ya kujua ni moja tu, kupimwa. Ukipimwa utaambiwa namba 2. Ya juu ni msukumo wakati moyo unasukuma damu. Ya chini ni msukumo wakati moyo unapumzika kati ya pigo na pigo. Ukipimwa siku tofauti na kila mara namba ya juu ikafika 140 au zaidi, au ya chini ikafika 90 au zaidi, una presha. Wewe sasa unajua kusoma namba. Usikubali kuambiwa tu "iko juu kidogo." Omba namba zako ziandikwe, uzisome mwenyewe.

Na hapa ndipo mtoto wa shule anapoingia. Mzazi akipooza, nani atakoka moto alfajiri? Nani atamtafutia kiatu uvunguni? Mara nyingi ni dada yake wa darasa la 5 au la 6. Dada huyo naye ataanza kuchelewa shule, na baadaye ataacha kwenda. Ugonjwa ni wa mtu mmoja, lakini madawati yanayobaki wazi ni 2.

NUSU SAA YA KUAZIMA

Katika darasa moja la jioni alikuwapo mama mshonaji. Cherehani yake ilikuwa barazani mwa duka, na alikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Mtoto wake wa miaka 6 alipelekwa shule kwa pikipiki, yeye na watoto wengine 3 wa jirani, wamebanana nyuma ya dereva. Mama alilipa shilingi 500 kwenda na 500 kurudi.

Siku moja alipimwa zahanati. Namba zake zilikuwa 160 kwa 100. Akaitwa tena mara ya pili na ya tatu, nazo zikawa karibu na hizo. Akapewa dawa. Akaambiwa apunguze chumvi, na atembee kwa haraka nusu saa kila siku.

Alipokuja darasani alituuliza, "Hiyo nusu saa niiazime kwa nani?"

Darasa zima lilicheka, lakini lilikuwa swali zito. Asubuhi ni ya mtoto. Mchana ni wa cherehani. Jioni ni ya jiko, na baada yake ni darasa. Tukafanya hesabu ubaoni, na napenda uifanye pia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani. Hatuna haja ya kuogopa namba hiyo. Gawa 150 kwa siku 5. Unapata dakika 30 kwa siku. Tena si lazima dakika 30 zifuatane. Unaweza kufanya 10 asubuhi na 20 jioni. Hata dakika chache zinahesabiwa.

Kutembea kwa haraka ni kazi ya wastani. Utajuaje kwamba mwendo wako unatosha? Jaribu kusema, kisha jaribu kuimba. Kama unaweza kusema na mwenzako lakini huwezi kuimba wimbo mzima bila kuvuta pumzi, mwendo huo ni sawa. Kama unaimba kwa raha, unatembea polepole. Kama hata kusema huwezi, umezidisha.

Sasa, shule ya mtoto yule ilikuwa umbali wa kilomita 1 kutoka nyumbani. Mtu mzima akienda kama anayewahi basi hutumia dakika kama 12. Lakini kwa mtoto wa miaka 6 ni dakika 20, na siku nyingine 25. Mtoto hasafiri kama mtu mzima. Akiona mjusi husimama. Akiona kifuniko cha soda hukiokota. Kwa hiyo tusijidanganye. Dakika za kwenda na mtoto ni za polepole, ziondoe katika hesabu ya mazoezi yako. Zinazohesabiwa ni zile za kurudi ukiwa peke yako.

Kurudi asubuhi ni dakika 12. Mchana, unapokwenda kumchukua, unakwenda peke yako. Hizo ni dakika 12 nyingine. Jumla ni 24 kwa siku. Kwa siku 5 za shule ni 120. Zimebaki 30 ili zitimie 150. Hizo zinaweza kupatikana Jumamosi au Jumapili, kwa kwenda sokoni, kanisani au msikitini kwa miguu.

Kwa hiyo nusu saa aliitoa katika safari ya shule. Pesa pia zilibaki. Shilingi 1,000 kwa siku, mara 5, ni 5,000 kwa wiki. Alisema hilo ndilo lililomshawishi mume wake kuliko maneno yote ya zahanati.

Haikuwa rahisi kila siku. Wiki ya kwanza mtoto alilia akitaka pikipiki. Siku za mvua walikosa. Wakati wa sare za sikukuu kazi ilimzidi, akaacha kabisa kwa wiki 2, kisha akaanza tena. Baada ya miezi 3 namba zake zilikuwa zimeshuka. Dawa hakuacha, na hakutakiwa kuacha. Hili nalisisitiza, maana wapo wanaotupa vidonge mara wanapoanza kujisikia vizuri. Dawa ya presha haiachwi mpaka aliyekuandikia aseme.

Jambo jingine alilosema halikuwa ubaoni. Katika zile dakika 20 za polepole, mtoto humweleza habari zote za shule. Ndivyo alivyojua kwamba mwanawe haoni vizuri maandishi ya ubaoni. Juu ya pikipiki hakuna anayesikia neno.

JE, ANAYELIMA ANAHITAJI MAZOEZI?

Swali hili huulizwa kila mahali. Jibu langu ni kwamba inategemea mtu na inategemea msimu.

Mtu anayeshika jembe tangu asubuhi mpaka saa 6 mchana amefanya mazoezi ya kutosha. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani amebeba kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Watu hawa usiwaambie wakakimbie. Wanachohitaji ni kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kuunyoosha mgongo. Ukilima kwa kuinama muda mrefu, simama kila baada ya muda mfupi. Weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu, kisha endelea. Unapoinua mzigo, piga magoti, ushike karibu na kifua, halafu inuka kwa nguvu za miguu. Mgongo usiwe winchi.

Lakini mvua zikiisha na mavuno yakiingia ghalani, mambo hubadilika. Wengi wetu hukaa. Tunakaa chini ya mwembe, tunakaa kwenye bao, tunakaa kilabuni. Moyo hauna likizo ya kiangazi. Mtu aliyelima miezi 5 na kukaa miezi 7 ajihesabu kuwa ni mtu wa kukaa kwa miezi hiyo 7.

Na siku hizi kijijini wako watu wanaokaa mwaka mzima. Yupo mwenye duka. Yupo mshonaji. Yupo anayeendesha mashine ya kusaga. Hata kijana wa bodaboda yumo. Kutwa nzima huonekana barabarani, lakini anayetembea ni pikipiki. Yeye amekaa. Hawa ndio wanaohitaji zaidi kwenda shule na mtoto kwa miguu.

Kama shule ni mbali sana, tuseme kilomita 4 au 5, mtoto mdogo asitembezwe njia yote kwa ajili ya mazoezi ya mzazi. Atafika amechoka na atasinzia darasani. Mpeleke kwa baiskeli, wewe ukiikanyaga. Kukanyaga baiskeli ni mazoezi mazuri. Au wazazi wa mtaa mmoja wapeane zamu ya kuwasindikiza watoto wote, leo mzazi huyu, kesho yule.

KIGODA NA UKUTA

Mwongozo ule wa mwaka 2020 unasema pia kwamba misuli itiwe nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Vyombo vya kununua havihitajiki. Kigoda na ukuta vinatosha.

Uji unapokuwa jikoni na moto umetulia, kaa kwenye kigoda kilicho imara. Simama bila kujishika popote. Kaa tena taratibu, usijitupe. Fanya hivyo mara 10. Mapaja yatakuwaka kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha nenda ukutani. Weka viganja ukutani usawa wa kifua, rudisha miguu nyuma hatua moja, inama kuelekea ukutani kwa kukunja viwiko, halafu jisukume urudi. Fanya mara 10 pia. Jambo lote ni dakika 5.

Mwache mtoto ahesabu. Katika darasa la awali anafundishwa kuhesabu 1 mpaka 10, na hapa anapata mtu wa kumhesabia. Akiruka 7 utamsahihisha. Ukidanganya ukaishia 8, yeye atakusahihisha wewe, tena kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Watoto hupenda kazi hii. Wengi watataka kukaa na kusimama pamoja nawe.

ASUBUHI HUANZA USIKU

Haya yote hayawezekani kama mtoto ameamka saa 1 kasorobo na kila kitu kinatafutwa. Mzazi aliyechelewa hatembei na mtoto, humtupa juu ya pikipiki. Kwa hiyo tuangalie usiku.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Fanya hesabu tena. Kama mtoto wako anaamka saa 12 asubuhi na anahitaji saa 10 za usingizi, alale saa ngapi? Saa 2 usiku. Mara ngapi mtoto wa darasa la awali yuko macho saa 4, anasubiri ugali, au anatazama video kwenye simu ya baba? Kisha asubuhi tunamwita mvivu.

Mzazi naye anahitaji usingizi, saa 7 au zaidi. Ukiamka saa 11 alfajiri, uwe umelala saa 4 usiku. Najua kwa akina mama wengi hili ni gumu. Ndiyo maana mambo mengine yafanywe jioni, wakati kuna watu wa kusaidia. Sare ianikwe mapema na ikikauka ikunjwe mahali pamoja. Viatu viwili vilale pamoja. Daftari na penseli viingie kwenye mfuko. Kuni zipasuliwe, ndoo ijazwe, unga wa uji upimwe.

Wewe sasa unajua kuandika. Tumia kalamu yako. Chukua karatasi uandike ratiba ya nyumba, uibandike ukutani karibu na mlango. Isiwe ndefu. Andika saa, andika kazi, na mbele ya kila kazi andika jina la mtu. Jina ndilo jambo kubwa. Kazi isiyo na jina humwangukia mama.

BABA YUKO WAPI?

Tumefika mahali ambapo akina baba hucheka kwa sauti na kuangalia dari. Wacheke, lakini wasome.

Katika nyumba nyingi, asubuhi ya mtoto wa shule ni kazi ya mama peke yake. Baba huamka na kukuta maji ya kunawa tayari. Mama mwenye mzigo wote huo hawezi kupata dakika hata 5 za mwili wake. Haisaidii kumhubiria mazoezi huku ndoo iko kichwani mwake. Ondoa kwanza ndoo.

Wako akina baba wanaofanya mazoezi, na ni jambo jema. Jioni saa 11 wako uwanjani wanacheza mpira. Wanatoka jasho, wanarudi usiku, wanaoga maji aliyoteka mwingine. Mazoezi yao yamefanyika, lakini daftari la mtoto halikufunguliwa na aliyemlaza ni mama. Simkatazi mtu mpira. Nashauri baba acheze siku 3, na siku nyingine mama apate jioni yake. Au baba amchukue mtoto uwanjani mapema, arudi naye kabla ya saa 1 usiku. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 naye anahitaji kucheza na kukimbia, kwa wastani dakika 60 kila siku.

Baba anaweza pia kumpeleka mtoto shule anapokwenda shambani au kazini. Hakuna mila inayovunjika kwa mwanamume kumshika mtoto wake mkono barabarani. Na tukumbuke kwamba presha na kiharusi haviwachagui akina mama tu. Wanaume wengi hawapimwi kabisa mpaka siku wanapoanguka.

Katika nyumba nyingine hakuna baba wala mama. Yupo bibi, analea wajukuu. Bibi wa miaka 65 naye anafaidika kwa kutembea, kwa mwendo wake. Afanye zaidi mazoezi ya kukaa na kusimama, na ya kusimama imara akishika mlango, ili asianguke ovyo. Majirani wenye watoto wa shule ileile wamchukue mjukuu wake siku za mvua.

KABLA HUJAANZA

Kama umekaa muda mrefu bila kutembea, anza kidogo. Wiki ya kwanza dakika 10 zinatosha, kisha ongeza. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika isivyo kawaida, simama, upumzike, na uende zahanati siku hiyohiyo. Kama maumivu ya kifua hayatulii, au mtu amepooza ghafla upande mmoja, ni dharura, apelekwe upesi. Mama mjamzito anaweza kutembea, maana mimba si ugonjwa, lakini aulize kliniki kama hali yake inaruhusu. Mgonjwa wa kisukari asitembee peku. Kidonda cha mguu kwake ni hatari, na ni vizuri akague nyayo zake kila jioni.

Barabarani, kama hakuna njia ya waendao kwa miguu, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia. Mtoto awe upande wa majani, wewe uwe upande wa magari. Mshike kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole huchomoka. Mtoto mdogo hawezi kupima mwendo wa gari. Akimwona rafiki ng'ambo, hukimbia. Wakati wa masika, mto ukijaa, hakuna kuvuka. Siku moja ya shule hurudi, mtoto aliyechukuliwa na maji harudi.

Viatu visiwe kisingizio. Kandambili zinatosha kwa kuanzia kama njia ni nzuri na kamba zake hazijalegea.

MAZUNGUMZO YA DARASA

1. Shule ya kijiji chenu iko umbali gani kutoka kwako? Hesabu dakika unazotumia kwenda na mtoto, na dakika za kurudi peke yako. Kwa wiki ni ngapi? Zimebaki ngapi ili zitimie 150?

2. Nani katika darasa hili amepimwa presha mwaka huu? Nani anakumbuka namba zake?

3. Andikeni ratiba ya asubuhi ya nyumba moja, saa kwa saa, na majina ya watu. Hesabuni ni kazi ngapi zina jina la mama, na ngapi zina jina la baba.

4. Mtaani kwenu kuna watoto wangapi wa darasa la awali? Je, wazazi wao wanaweza kupeana zamu ya kuwasindikiza? Nani ataanza Jumatatu?